KISOMO CHA WATU WAZIMA: MAANA YAKE, NJIA ZAKE NA WAJIBU WA KILA MMOJA

Tarehe 8 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo, ambayo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa wito wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO). Siku kumi na tano baadaye, tarehe 23 Septemba, Zanzibar hukumbuka kutangazwa kwa elimu bila ya malipo mwaka 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi. Tarehe hizi mbili zina mnasaba. Tangazo la mwaka 1964 liliwafungulia watoto wa Unguja na Pemba milango ya skuli. Lakini wazazi wengi wa watoto hao walikuwa wamekwisha kupita umri wa kukaa darasani. Kwao wao, na kwa kila mtu ambaye tangu siku hiyo aliachwa nje ya skuli kwa sababu yoyote ile, mlango uliobaki ni madarasa ya kisomo cha watu wazima.

Makala haya yanaeleza kisomo hicho ni nini, hufundishwa vipi, kwa nini baadhi ya watu hukianza na kukiacha, na lipi linatakiwa kwa mtumishi wa umma ambaye kila siku huhudumia watu wasiojua kusoma. Jambo moja linafaa kutangulizwa. Kisomo si sadaka anayopewa mtu duni na mtu aliyesoma. Ni ngao ya mtu mzima katika mambo yake mwenyewe: mali yake, afya yake, siri yake na kauli yake mbele ya wenziwe.

Kisomo ni nini

Kwa tafsiri iliyopitishwa na UNESCO mwaka 1958, mtu anayejua kusoma na kuandika ni yule awezaye kusoma na kuandika, kwa kufahamu, maelezo mafupi na mepesi yanayohusu maisha yake ya kila siku. Maneno ya kushikwa hapo ni “kwa kufahamu”. Aliyefundishwa kuchora herufi za jina lake ili asitie dole gumba amepiga hatua, lakini bado hajapata kisomo. Barua ya mwanawe ikimfika, bado atatafuta wa kumsomea.

Baadaye ilidhihirika kwamba kusoma na kuandika peke yake hakutoshi, na kuhesabu kukaongezwa. Ndiyo maana walimu huzungumzia KKK tatu: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kipimo cha mwisho si mtihani wa darasani bali ni matumizi. Mwanakisomo amefuzu pale anapoweza kusoma tangazo la sheha ubaoni, kuandika hesabu ya mauzo yake na kuielewa baada ya mwezi mmoja, na kufuata maelekezo ya hospitali bila ya kumtegemea mtoto.

Tatizo hili si la visiwa hivi pekee. Kwa hesabu za UNESCO, mwaka 2020 watu milioni 763 duniani wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa hawajui kusoma wala kuandika, na karibu theluthi mbili yao walikuwa wanawake. Sababu zake zinajulikana hapa kwetu pia: binti aliyezuiwa nyumbani ili alee wadogo zake, kijana aliyefuata dago na wavuvi kabla ya kumaliza darasa la tatu, mtoto aliyekuwa mgonjwa au mlemavu na skuli ikawa mbali.

Inafaa pia kutahadhari na neno “ujinga”. Kampeni za miaka iliyopita zilizungumzia kufuta ujinga, na neno “ngumbaru”, ambalo lilikuwa jina tu la mwanafunzi mtu mzima, limekuwa likitumiwa kwa dhihaka. Nahodha anayejua nyota, pepo na mikondo ya bahari, au mkunga aliyepokea watoto wa kijiji kizima, si mjinga kwa kuwa hakusoma. Ana ujuzi mwingi. Anachokosa ni chombo kimoja. Mwalimu, sheha au karani anayemwita mjinga huwa amemfukuza darasani kabla hajaingia.

Mtu mzima haanzi na kapu tupu

Tofauti kubwa baina ya mtoto na mtu mzima darasani ni kwamba mtu mzima huja na mengi anayoyajua. Darasa zuri huanzia hapo.

Wengi wa watu wazima wa Zanzibar wamepitia chuo na wanaweza kusoma msahafu. Kabla ya skuli za serikali kuanza kutumia herufi za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20, hata Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, mikataba na tenzi. Mtu wa namna hii akiitwa asiyejua kusoma, kwa hakika amesahauliwa nusu ya elimu yake. Anajua tayari kwamba alama ya wino hubeba sauti, na kwamba sauti huunganishwa zikawa neno. Anajua kutofautisha “dh” na “z”, “th” na “s”, “gh” na “g”, kwa kuwa alifundishwa matamshi hayo kwa makini.

Mambo mapya kwake ni machache na yanahesabika. Mstari sasa huanza kushoto kwenda kulia. Alama tatu za fat-ha, kasra na dhumma zinakuwa irabu tano, kwa kuwa “e” na “o” hupewa herufi zao. Sauti moja iliyokuwa na herufi moja, kama “sh” au “dh”, sasa huandikwa kwa herufi mbili. Mwalimu anayeyaeleza hayo mapema humwokolea mwanafunzi wake muda mwingi.

Upande wa tarakimu kuna hatari ndogo inayostahili kutajwa. Katika masahafu mengi, tarakimu ya tano huandikwa kama duara, ya sita hufanana na 7, na sifuri huwa ni nukta. Mtu aliyezizoea akiiona 0 ya noti na risiti anaweza kuidhania tano. Huo si upungufu wa akili. Ni elimu moja kuingiliana na nyingine, na husahihishika kwa somo moja la kuziweka tarakimu za aina mbili sambamba ubaoni.

Jinsi kusoma kunavyofundishwa

Kiswahili kina neema moja ambayo lugha nyingi hazina: huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika. Kwa hiyo mwanafunzi akishazijua irabu na namna konsonanti inavyoungana nazo, anaweza kulisoma hata neno ambalo hajapata kuliona.

Njia iliyozoeleka ni ya neno la msingi. Mwalimu huchagua neno linalohusu maisha ya wanafunzi, wakalizungumzia kwanza, kisha likaandikwa na kukatwa silabi. Tuchukue mfano wa neno “nazi”. Darasa litazungumza juu ya bei ya nazi, uangushaji wake na matumizi yake. Kisha neno litaandikwa, likakatwa “na” na “zi”, na kila silabi ikafuatwa na ndugu zake: na, ne, ni, no, nu; za, ze, zi, zo, zu. Kutokana na safu hizo mbili na irabu peke yake, wanafunzi wenyewe huweza kuunda maneno mengine: nani, nini, ona, uzi, zana, zao. Mtu mzima aliyeingia darasani akidhani kwamba kusoma ni siri ya wachache, hutoka siku hiyo akiwa amesoma maneno ambayo hakuna aliyemfundisha. Hakuna hotuba ya kumtia moyo inayoshinda hilo.

Silabi ngumu, kama zile zenye “ny”, “ng'”, “mw” na “ch”, hufuata baadaye. Uandishi huenda pamoja na usomaji, ingawa mkono uliozoea jembe, kasia au kamba za mwani huhitaji subira hadi uizoee kalamu. Haba na haba hujaza kibaba.

Jinsi kuhesabu kunavyofundishwa

Kibaba chenyewe ni somo la hesabu. Kila mwenye duka na kila mama wa nyumba anajua kuwa vibaba vinne ni pishi moja, na huweza kuigawa pishi kwa nusu na robo bila ya karatasi. Watu wazima wengi hujumlisha na kutoa kichwani kwa wepesi. Wanachohitaji ni kuiweka hesabu hiyo katika maandishi, ili idumu na ili iweze kuhakikiwa na mtu mwengine.

Tuangalie mkulima wa mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Tuseme mkulima amepeleka polo la mwani mkavu, mizani ikaonyesha kilo 38, na polo lenyewe likawa na uzito wa kilo 1. Mwani wake basi ni kilo 37. Kwa bei ya mfano ya shilingi 700 kwa kilo, anaweza kukokotoa kwa mafungu: kilo 30 ni shilingi 21,000, kilo 7 ni shilingi 4,900, jumla shilingi 25,900. Hesabu hii haimshindi. Kinachomshinda asiyesoma ni kuiona namba ya mizani kwa macho yake, kujua kilichoandikwa katika daftari la mnunuzi, na kuweka daftari lake mwenyewe. Asipoweza hayo, haki yake imo mikononi mwa uaminifu wa mtu mwengine.

Mfano wa pili ni wa hospitali. Juu ya bahasha ya dawa huandikwa 1x3. Katika hesabu za darasani, 1x3 na 3x1 ni mamoja, jawabu ni 3. Katika dawa si mamoja kabisa. 1x3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane. Anayevimeza vyote vitatu kwa pamoja hujidhuru, na anayekunywa kimoja tu kwa siku hatapona. Darasa la kisomo linalofundisha jambo hili kwa kutumia bahasha halisi za dawa, na saa ya ukutani, limefundisha kuzidisha, kusoma saa na kulinda uhai kwa wakati mmoja.

Mfano wa tatu ni wa siku hizi. Fedha nyingi sasa hupita katika simu za mkononi. Asiyejua tarakimu hulazimika kumpa mtoto, jirani au wakala simu yake pamoja na namba yake ya siri. Zamani asiyesoma alihofia barua yake kusomwa na mtu mwengine. Leo fedha zake zote zaweza kuondoka katika muda wa kupepesa jicho. Kutambua tarakimu kumi, kusoma kiasi kilichoandikwa katika ujumbe na kuficha namba ya siri ni masomo yanayopaswa kuwa katika wiki za mwanzo, si za mwisho.

Kinachowarudisha watu nyuma

Madarasa mengi huanza yamejaa na kumalizika na watu wachache. Sababu si uvivu. Ya kwanza ni ratiba. Mkulima wa mwani hufanya kazi wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana, mara mbili katika kila mwezi. Mvuvi huenda dago kwa wiki kadhaa. Kisiwani Pemba, msimu wa karafuu huwatoa watu wote majumbani. Darasa lililopangwa kwa kalenda ya afisi, bila ya kuangalia mwezi na msimu, huwapoteza wanafunzi wake kwa makosa yasiyokuwa yao.

Sababu ya pili ni macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, watu wengi hupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu. Mwanafunzi wa miaka 50 anayeshindwa kutofautisha “a” na “o” kitabuni, ilhali ubaoni anazisoma, hana haja ya kurudia somo. Anahitaji miwani ya kusomea. Ni wajibu wa mwalimu kulitambua hilo na kumshauri aende kupimwa.

Sababu ya tatu ni haya. Mtu mwenye wajukuu hapendi kuonekana anakosea mbele ya jirani, sembuse mbele ya mkwewe. Darasa la watu wazima lifanyike mahali pa stara, mwanafunzi asiitwe ubaoni kwa kushtukizwa, na jawabu la makosa lisichekwe.

Sababu ya nne huja baada ya kumaliza: kusahau kwa kukosa cha kusoma. Historia ya Tanzania Bara ina funzo kubwa katika hili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya sita zikachaguliwa kutangulia katika kufuta kutojua kusoma, vikiwemo visiwa viwili, Mafia na Ukerewe. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi kiasi cha asilimia 10 mwaka 1986. Ni mafanikio yaliyosifiwa duniani kote. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba takriban watu 3 katika kila 10 nchini hawakujua kusoma. Ingawa vipimo vya miaka hiyo havikuwa vya namna moja, maana yake haifichiki: madarasa, magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji vilipodhoofika, kisomo nacho kilidhoofika. Kisomo ni kama dau. Lisipoingia majini hukauka na kupasuka.

Wajibu wa watumishi wa serikali

Katika Zanzibar, shughuli za kisomo zimo katika Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kupitia Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima. Hata hivyo hakuna idara moja inayoweza kuibeba kazi hii peke yake, kwa sababu mtu asiyesoma hupita katika afisi zote. Mambo manne yanafaa kuzingatiwa na kila mtumishi.

Kwanza, dole gumba. Alama hiyo humfunga mtu kama saini inavyomfunga. Kabla ya kumsogezea mwananchi kidau cha wino, karatasi nzima isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili anachokifahamu, na yeye aulizwe amefahamu nini. Kumwambia “tia dole hapa” bila ya kumsomea ni kumnyima haki yake, hata kama maandishi yenyewe hayana ubaya wowote.

Pili, lugha ya matangazo. Tangazo linalosema “waombaji wote wanatakiwa kuwasilisha viambatanisho stahiki” humshinda hata aliyemaliza kisomo. Likisema “kila mwombaji alete cheti cha kuzaliwa na picha mbili”, litasomwa na wengi zaidi na litapunguza safari za bure. Kila tangazo lililoandikwa kwa lugha nyepesi ni kitabu cha mazoezi kilichobandikwa ukutani.

Tatu, wafanyakazi walio chini yetu. Miongoni mwa walinzi, wapishi, wafagizi na vibarua wa serikali wamo wasiojua kusoma, na hulificha jambo hilo kwa kuogopa kazi zao. Mkuu wa afisi anayempa mfanyakazi wake ruhusa ya kuhudhuria darasa, bila ya kumtangaza, amefanya jambo la maana.

Nne, masheha na viongozi wa jumuiya. Wao ndio wanaojua nani katika shehia yao angependa kusoma lakini anaona haya kuuliza. Neno la faragha kutoka kwa mtu anayeheshimiwa hufaa kuliko bango.

Kujiunga

Mwananchi anayetaka kujiunga, au anayetaka darasa lianzishwe karibu na kwao, aulize kwa sheha wa shehia yake au katika afisi ya elimu ya wilaya. Kwenda na wenziwe wachache kuna faida, kwa kuwa ni wepesi zaidi kuwapangia watu kadhaa mahali, mwalimu na wakati unaoafikiana na kazi zao. Aeleze wazi siku asizoweza kufika, na aseme anataka kisomo kimsaidie katika jambo gani: biashara, ibada, simu au kuwasaidia watoto masomo yao. Mwalimu anayelijua hilo atajua pa kuanzia.

Waliokwisha kusoma nao wana sehemu yao. Mtoto wa skuli anayekaa na bibi yake robo saa kila jioni, akamwachia yeye mwenyewe asome badala ya kumsomea, anamsaidia kulihifadhi alilolipata. Mwenye duka anayempa mteja risiti na kumngojea aisome, naye anasaidia. Na karani anayeisoma karatasi yote kabla ya kufungua kidau cha wino, halafu akamwonyesha mwenye karatasi darasa lilipo, huwa ametimiza kazi yake kwa ukamilifu.